Kisu Hakisogezi Jino: Upasuaji wa Kuharakisha Upangaji wa Meno kwa Watu Wazima



Mtoto wa miaka 12 akiwekewa waya za meno, anayeuliza zitatoka lini ni mzazi. Mtu mzima huuliza mwenyewe, tena kabla hajaketi vizuri kitini. Ana harusi Desemba, au kazi yake ni ya kusimama mbele za watu, au amechoka kuziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka. Tukimjibu kuwa ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu, wengine hushukuru, wakaondoka, wasirudi. Ndiyo maana habari za upasuaji unaofupisha safari hiyo zimepokewa kwa hamu. Hoja yangu leo ni moja: kisu hakisogezi jino. Kinaulainisha mfupa kwa miezi michache, na daktari asiyejipanga kuitumia miezi hiyo amemkata mgonjwa bure.

Tuanzie kwenye mfupa wenyewe. Jino limeshikwa na nyuzi ndani ya tundu lake. Waya inapolisukuma, upande unaobanwa hukusanya seli zinazokula mfupa, na upande wa nyuma seli za ujenzi huweka mfupa mpya. Mwendo wake ni takriban milimita 1 kwa mwezi. Kukaza waya zaidi hakusaidii. Nguvu ikizidi, damu haifiki kwenye nyuzi, sehemu hiyo hufa, na jino husimama hadi mwili usafishe uharibifu huo. Mzizi nao unaweza kuliwa. Kwa mtu mzima seli hizo huchelewa kuitika, hasa wiki za mwanzo.

Mwaka 1959 Heinrich Köle, daktari mpasuaji wa Austria, alieleza njia ya kukata ganda gumu la taya kati ya mizizi ili meno yasogee upesi. Aliamini kuwa kila jino husafiri pamoja na kipande chake cha mfupa, kama mche unaohamishwa na udongo wake. Imani hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40, nayo haikuwa sahihi. Harold Frost, daktari wa mifupa wa Marekani, alieleza mwaka 1983 kwamba mfupa ukijeruhiwa, eneo lote la jirani huongeza kasi ya kujibomoa na kujijenga, mara 2 hadi 10 kuliko kawaida. Mwaka 2001 ndugu wawili wa Pennsylvania, William Wilcko, bingwa wa kupanga meno, na Thomas Wilcko, bingwa wa fizi, waliandika walichokiona kwenye picha za CT za wagonjwa wao. Hapakuwa na vipande vilivyohama. Kulikuwa na mfupa uliopungukiwa madini kuzunguka mizizi, kisha madini yakarudi. Udongo ndio uliolainika, mche ukapita.

Tofauti hiyo ina uzito mezani petu. Kama Köle angekuwa sahihi, ingetubidi tukate kwa kina hadi vipande viachane, tukihatarisha damu inayolisha meno. Kwa kuwa jeraha lenyewe ndilo linaloamsha mfupa, vijifereji vya juu juu vinatosha.

Katika njia ya akina Wilcko, ufizi hufunuliwa nje na ndani chini ya ganzi, vijifereji vikachongwa kati ya mizizi bila kuigusa, kisha unga wa mfupa ukatandazwa kabla ya kushona. Unga huo, kwa maoni yangu, ndio wenye thamani kubwa kwa mtu mzima, na ndio tunaouzungumzia kidogo kuliko yote. Meno ya mbele ya chini yaliyobanana mara nyingi yana mfupa mwembamba kama karatasi upande wa mdomo. Ukiyasukuma mbele, mizizi hutoka nje ya mfupa na ufizi hushuka. Mgonjwa huyo hupata meno yaliyonyooka na mizizi iliyo wazi, na lawama ni yetu.

Wengi huogopa kufunuliwa ufizi, na siwalaumu. Mwaka 2009 Serge Dibart wa Boston na wenzake walieleza njia nyepesi zaidi: mikato mifupi ya wima kwenye ufizi, kisha kisu cha mitetemo kinachokata mfupa kwa kina cha kama milimita 3. Ipo pia njia ya kutoboa matundu madogo kwenye mfupa. Utafiti wa New York wa mwaka 2013, uliohusisha watu wazima 20, ulionyesha chonge zikisogea mara 2.3 ya kawaida katika siku 28. Majaribio kadhaa yaliyofuata hayakuona tofauti ya maana. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalipata tafiti 4 tu za upasuaji wa namna hii zilizofaa kuchambuliwa, zenye washiriki 57 kwa jumla, na ushahidi wake ulihesabiwa kuwa dhaifu. Isitoshe, chonge kukimbia mwezi wa kwanza si sawa na matibabu kuisha mapema. Kunyoosha mizizi na kukutanisha meno ya juu na ya chini kuna miezi yake, na wakati huo mfupa umeshapona.

Kwani mfupa haukai umelainika. Kasi hufika kilele mwezi wa kwanza na wa pili, na kufikia mwezi wa nne huwa imekwisha kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo waya ziwe tayari kabla ya kisu, nguvu ianze ndani ya wiki mbili, na mgonjwa aonwe kila wiki mbili. Anayekaa Tabata atafika kliniki ya Dar es Salaam. Anayetoka Songea kwa basi, akaja kila baada ya wiki sita, atakuwa amepata jeraha bila kupata kasi.

Dawa za maumivu nazo zinatuponyoka. Ibuprofeni na diklofenaki huzuia prostaglandini, ambazo mfupa unazihitaji katika kazi hii. Tuandike paracetamol, na tueleze sababu, kwa maana asiyeelezwa atanunua diklofenaki duka la jirani usiku huohuo.

Mwenye fizi zinazotoa damu au usaha asubiri zitibiwe. Wa kisukari kisichodhibitiwa, wa steroidi za muda mrefu na wa bisfosfonati asikatwe kwa ajili ya haraka.

Yule wa harusi ya Desemba mimi humjibu hivi: "Tutaanza na fizi. Kama meno yamebanana na mfupa ni mwembamba, upasuaji utakupa mfupa, na huenda ukakupunguzia miezi. Kama ni kufunga mwanya wa milimita 2, ambao kwetu ni urembo, niambie kwanza ni wewe unayetaka ufungwe au ni mtu mwingine. Na kwa kufunga mwanya huo huhitaji kisu. Na kama huwezi kuja kila wiki mbili kwa miezi minne, nitakuwekea waya peke yake."