Nyonga na Mkwaju wa Gofu

 

Leo nazungumzia gofu. Wengi wetu hapa Tabora mchezo huu tunauona kwenye televisheni, na viwanja tunavyovisikia ni vya Lugalo na Gymkhana kule Dar es Salaam, vya Arusha, Moshi na Morogoro. Nimeuchagua kwa sababu mkwaju mmoja wa gofu unaonyesha waziwazi mgongo, nyonga na mabega ya mtu yakoje, na maumivu ya kiuno ni kilio cha nyumba nyingi za mji huu.

Mpira wa gofu ni mdogo, uzito wake haufiki gramu 46. Umetulia chini, hakuna anayekukaba wala kukukimbiza. Hata hivyo, kichwa cha fimbo ya mchezaji wa kulipwa hufika kwenye mpira kwa mwendo unaopita kilomita 180 kwa saa, na safari ya fimbo kutoka juu hadi kwenye mpira huchukua kama robo ya sekunde. Anayejifunza hudhani nguvu hiyo inatoka mikononi, basi anakaza viganja, anakunja uso na kupiga kwa hasira. Mpira unakwenda kichakani.

Mtazame anayejua. Miguu inakanyaga ardhi kwanza. Nyonga zinageuka wakati mikono bado iko juu. Kifua kinafuata, halafu mabega, mikono, na fimbo inakuja mwisho kabisa. Kila kiungo kinapokea mwendo kutoka kwa kilicho chini yake na kuuongeza. Kiungo kimoja kikigoma, cha jirani ndicho kinachoumia.

Hapo sasa tuutazame uti wa mgongo. Sehemu ya kifua ina pingili 12, na sehemu ya kiuno ina 5. Zile tano za kiuno ni imara kwa kuinama na kuinuka, lakini kwa kujizungusha uwezo wao ni mdogo mno. Zote kwa pamoja ni kama nyuzi 10 tu kila upande. Mchezaji mahiri anapojikunja kabla ya kupiga, mabega yake hugeuka kama nyuzi 90 na nyonga zake kama nusu ya hapo. Kwa hiyo mzunguko huo lazima utoke kwenye nyonga na kifuani. Na hivyo ndivyo vinavyokaza kwa mtu anayeshinda amekaa, awe dereva wa bodaboda, fundi cherehani au karani. Misuli ya mbele ya nyonga inafupika, kifua kinajikunja kwa ndani. Siku akitaka kujizungusha kwa nguvu, mwili unautafuta mzunguko kiunoni. Bawaba ya mlango ikishika kutu, ukiulazimisha mlango kufunguka, fremu ndiyo inayoachia.

Bingwa wa gofu Tiger Woods, na mwili wake wote ule wa mazoezi, alifanyiwa upasuaji wa mgongo kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Ukafuata mwingine, na mwingine, hadi Aprili 2017 madaktari walipoziunganisha pingili mbili za chini. Aprili 2019 alishinda mashindano ya Masters, na aliyafikia hayo kwa kujifunza upya kuupiga mpira kwa mwili aliobaki nao. Yuko pia Gary Player wa Afrika Kusini, mtu wa kimo kifupi, aliyeshika mazoezi ya viungo na vyuma zama ambazo wachezaji waliambiwa vyuma vitawaharibia mkwaju. Alitwaa mataji makubwa 9, na Masters yake ya mwisho, ya mwaka 1978, aliichukua akiwa na miaka 42. Mimi naamini mwili alioutunza ulimpa miaka hiyo.

Na sisi? Tabora ni mji wa miguu. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Kazeh, yaani Tabora hii, mwaka 1857, aliandika kuhusu watoto wa Kinyamwezi waliokuwa wakijizoeza upagazi kwa kubeba vipembe vidogo vya ndovu begani. Mpagazi mzima alichukua frasila mbili, kama kilo 32, akatembea baina ya hapa na Bagamoyo, kama kilomita 800. Watu wa pwani walizoea kubeba kichwani, Mnyamwezi alibeba begani. Mzigo wa begani unalemea upande mmoja, kwa hiyo inabidi kuuhamisha, mara kulia, mara kushoto. Gofu nayo ni mchezo wa upande mmoja, ila mchezaji hahamishi. Anajizungusha kuelekea kulekule, kiwanjani na mazoezini, mwaka hadi mwaka.

Mkulima wetu naye, anayeinua matuta kwa jembe, ana mgongo na mikono ya chuma. Mpe fimbo ya gofu, atapiga kwa nguvu na mpira hautakwenda mbali, kwa sababu jembe limemfundisha kuinama na kuinuka, halijamfundisha kugeuka. Nguvu anayo. Anachokosa ni unyumbufu, na huo unajengwa nyumbani bila kulipia chochote.

Fanya nami. Kaa kwenye kigoda, nyayo chini, magoti yakielekea mbele. Bana kandambili moja katikati ya magoti. Chukua mpini wa fagio, ulaze kifuani, uukumbatie kwa mikono iliyopishana. Sasa geuka kulia polepole, ukivuta pumzi na kuitoa. Nusu ya njia kati ya mbele na ubavuni inatosha. Kandambili ikidondoka, umedanganya kwa nyonga. Rudi katikati, geuka kushoto.

Kisha weka fagio pembeni. Ukiwa bado umekaa, goti lisisogee, peleka unyayo wa mguu wa kushoto nje, mbali na mwenzake. Hapo nyonga inazungukia ndani. Jaribu na wa kulia. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, nyonga ya kushoto ndiyo inayopokea karibu uzito wote mwishoni mwa mkwaju, na ikikaza, kiuno kinalipa.

Maumivu yakishuka mguuni, ukihisi ganzi, au haja ndogo ikianza kukutoka bila kujua, acha mazoezi uende hospitali ya Kitete mara moja. Kama hakuna hayo, geuka mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, taratibu. Anza na upande unaogoma, na umalizie na huohuo.