Somo la Kusoma Hati: Nani Ametia Sahihi?

Leo tutasoma karatasi ya Marekani. Mtauliza, yatuhusu nini? Wako watu wengi wasemao Kiswahili wanaokaa huko, hasa waliotoka Kongo, na ofisa wa uhamiaji aweza kubisha hodi kwao kama kwa mgeni mwingine yeyote.

Ofisa huyo ana karatasi mkononi. Msianze kusoma juu. Tazameni chini, mahali pa sahihi.

Ziko hati za namna mbili, na zote mbili huitwa waranti. Ya kwanza imetiwa sahihi na hakimu wa mahakama. Hakimu haitoi mpaka aelezwe sababu kwa kiapo, na hati yenyewe hutaja mahali patakapoingiwa. Ndivyo itakavyo Katiba ya Marekani, katika fungu lililoongezwa mwaka 1791.

Ya pili imetiwa sahihi na ofisa wa uhamiaji, wala haikupita kwa hakimu. Kwa hati hii mtu aweza kukamatwa njiani au sokoni. Lakini kwa miaka mingi ilikubaliwa kwamba haivuki kizingiti cha nyumba, isipokuwa mwenyeji ametoa idhini. Mwaka 2025 wakubwa wa ofisi hiyo waliwaandikia maofisa wao kwamba yatosha kuingia kwa mtu aliyekwisha kupewa amri ya mwisho ya kuondoka nchini. Jambo hilo limepingwa mahakamani.

Hapa nataka msikilize sana. Kwetu sisi mtu akipiga hodi, tunajibu "Karibu!" hata kabla ya kujua ni nani. Ni adabu njema. Lakini mbele ya ofisa, kumkaribisha ndani kwaweza kuhesabiwa kuwa ni idhini, na ukiisha kutoa idhini, waranti haihitajiwi tena. Mwenyeji aweza kuuliza mlango ukiwa umefungwa, na kuomba hati ipitishwe chini ya mlango aisome.

Shamba lina habari yake. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba mashamba yaliyo wazi hayalindwi na Katiba kama nyumba. Basi mwaka 1986 Bunge lao likatunga sheria: ofisa asiingie shambani kuwauliza watu kama wana haki ya kukaa nchini, ila awe na waranti au idhini ya mwenye shamba. Angalieni, ya mwenye shamba, si ya kibarua. Tena karibu na mpaka, yaani ndani ya maili 25, maofisa wanaolinda mpaka waweza kupita katika ardhi ya mtu bila waranti. Hata huko nyumba imetengwa.

Je, kanisani, shuleni na hospitalini? Wengi walidhani sheria inakataza. Kumbe ulikuwa waraka wa ofisi tu, wa mwaka 2011, kisha mwingine wa 2021. Januari 2025 waraka ukafutwa, na baadhi ya madhehebu yakaenda mahakamani.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni: hakimu, ofisa, sahihi, idhini. Mwalimu, wape karatasi mbili zenye sahihi mbalimbali, na kila mmoja aseme ni ipi iliyotoka mahakamani. Juma lijalo tutasoma risiti.