Mtoto Hana Homa, Lakini Ahema Mbio

Leo twazungumza juu ya nimonia.

Wengi wetu nimonia twaiita homa ya mapafu. Jina hili laweza kutupoteza. Mama humgusa mtoto kwenye kipaji, akiona hana joto, hutulia. Lakini iko nimonia inayoweza kuua mtoto bila ya homa kali.

Nimonia husababishwa na bakteria, virusi au kuvu. Leo tuangalie hivi viwili vya mwisho kwa mtoto mwenye kinga dhaifu, kama mwenye VVU, mwenye utapiamlo mkali au anayetibiwa saratani.

Nimonia ya virusi mara nyingi huanza kama mafua. Mtoto hutokwa na makamasi, hupiga chafya, hupata homa, na pengine nyumbani kuna wengine wanaokohoa. Kisha ugonjwa hushuka kifuani. Dawa za kuua bakteria haziui virusi.

Nimonia ya kuvu iliyo maarufu zaidi huletwa na kuvu aitwaye nimosistisi. Mwaka 1981, wagonjwa 5 wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa nchini Marekani walikuwa na nimonia hii. Miongoni mwa watoto wenye VVU, huwakamata zaidi wale wa miezi 3 hadi 6. Mtoto huhema mbio, hukohoa kikohozi kikavu, na midomo yaweza kugeuka rangi ya buluu. Homa huwa ndogo, au hakuna kabisa. Hata mhudumu akimsikiliza kifua, huenda asisikie kitu.

Je, mama aweza kuzitenganisha nyumbani? Hapana. Dalili hufanana, na mtoto aweza kuwa na zote mbili. Hiyo ni kazi ya hospitali. Kazi yako wewe ni kuhesabu pumzi.

Mtoto akiwa ametulia, funua kifua chake, hesabu pumzi kwa dakika 1 nzima ukitazama saa. Ni mbio zikifika:
- 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi, kwa wa miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi, kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5.

Ukiona pumzi mbio, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, midomo ya buluu, au mtoto hawezi kunyonya, ondoka saa hiyo hiyo. Sisi wa visiwani twajua safari ya Lamu hutegemea maji. Usikae nyumbani ukingoja maji yajae. Anza na zahanati iliyo karibu au hospitali ya Faza. Huenda mtoto akahitaji oksijeni, na wao ndio watakaoamua kama apelekwe mbele.

Ukifika, mwambie mhudumu, faraghani, kama wewe au mtoto ana VVU, na kama mtoto hunywa Septrin. Najua mji ni mdogo na mama huogopa maneno ya watu. Lakini bila habari hiyo, mhudumu huenda asifikirie kuvu, na matibabu yake ni tofauti.

Kinga ipo. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huanzishiwa Septrin akiwa na wiki 6, na hupimwa. Mpe kila siku, hata akionekana mzima, mpaka kliniki ikuambie uache. Usimgawie mtoto mwengine. Akiugua, usimwongezee mwenyewe. Kipimo cha kutibu hupangwa hospitali. Nawe mama, meza dawa zako za VVU bila kukosa, na mpeleke mtoto chanjo zote.

Basi mama, usitazame joto peke yake. Tazama pumzi. Hadi kipindi kijacho, kwaherini.