Ndege Yule Unamwona?

(Mazungumzo kwa wanafunzi wa klabu ya mazingira ya shule moja ya sekondari mkoani Arusha, siku moja kabla ya kwenda kuangalia ndege kwenye maziwa ya Momella.)



Kesho mnakwenda Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Nimeombwa niseme habari za afya safarini. Najua mnategemea niwaambie mbebe maji ya kunywa na kofia. Haya, bebeni. Lakini leo nataka tuongee juu ya macho.

Kuangalia ndege ni kusimama kimya, kutazama na kusikiliza. Pale ziwani mtawatafuta flamingo, wale wenye miguu mirefu na rangi ya waridi. Rangi ile hawazaliwi nayo. Kifaranga wao ni wa kijivu. Inatokana na chakula wanachochuja kwenye maji ya magadi. Msituni kuna hondohondo, mwenye mdomo kama umevalishwa kofia. Na kuanzia Septemba hadi Aprili hivi, huwa wapo mbayuwayu waliotoka Ulaya. Ndege wa gramu 20 tu, anavuka jangwa la Sahara kwa mabawa yake! Ajabu, siyo?

Sasa sikilizeni. Kiongozi ananyosha kidole: "Yule pale, tawi la tatu!" Wote mnaitikia, "Eeeh, tumemwona." Lakini mmoja wenu hajaona kitu. Ameitikia tu ili asichekwe.

Mara nyingi huyo ndiye yule yule anayekodoa macho ubaoni na kunakili daftari la jirani. Wenzake wanasema mvivu. Mwalimu anasema hasikilizi. Mwenyewe anaanza kuamini kwamba hana akili. Kumbe haoni mbali!

Jamani, huo si uchawi. Mara nyingi jicho limekuwa refu kidogo kuliko kawaida, basi picha ya kitu cha mbali inajikusanya kabla ya kufika kwenye ukuta wa nyuma wa jicho. Cha karibu unakiona safi, cha mbali kina ukungu. Hali hii huanza sana umri wa shule, tena polepole, ndiyo maana mtu anadhani dunia iko hivyo kwa kila mtu. Msaada wake ni miwani uliyopimiwa.

Mtaniambia, "Miwani inaharibu macho." Si kweli. "Nitaitwa bibi." Labda wiki moja, halafu watachoka. Lakini matokeo ya Kidato cha Nne utatembea nayo miaka mingi. Na wasichana huambiwa eti mwenye miwani hapati mchumba. Mchumba anayetaka usione vizuri, kuna nini anachokuficha? (Kicheko.)

Basi kesho fanyeni hivi.

Kwanza, kabla ya kushika darubini, mtazame ndege kwa macho matupu. Darubini inaweza kukudanganya, maana lile gurudumu dogo la katikati linaweza kurekebisha hata jicho lisiloona mbali.

Pili, ziba jicho moja, kisha la pili. Wengine wana jicho moja dhaifu na hawajui, shauri ya jicho zima kufanya kazi ya yote mawili.

Tatu, usilitazame jua kwa darubini, hata sekunde moja. Utaunguza jicho.

Nne, mwenye macho mekundu asipokezane darubini na wenzake. Mnakumbuka ugonjwa ule ulivyoenea nchini mwanzoni mwa 2024? Wala usitie jichoni maji ya majani au mkojo. Nenda kituo cha afya.

Tano, askari wa hifadhi akisema simama, simama. Kuna nyati na viboko kule.

Ukigundua mwenzako haoni, usimcheke wala usimtangaze. Mwite pembeni umwambie, "Twende kwa mwalimu, tuulize kliniki ya macho iko wapi." Miwani ina gharama, hilo najua. Ndiyo sababu mzazi aambiwe mapema, siyo wiki ya mtihani.

Tena kutembea nje kwenyewe ni faida. Huko Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: baada ya miaka 3, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa kama 30 katika kila 100, na kwa wasioongezewa walikuwa karibu 40. Kukaa nje hakuliponyi jicho ambalo tayari halioni mbali, ila kunasaidia kulikinga lililo zima.

Kwa hiyo kesho, kama ndege humwoni, sema wazi: "Mimi simwoni." Hiyo si aibu. Ni sentensi fupi inayoweza kukuokolea masomo yako.

Safari njema. Nani ana swali?