Hewa Safi Nayo ni Haki ya Mfanyakazi

(Maneno haya yalisemwa na ndugu mmoja wa karakana ya reli katika mkutano wa tawi. Tumeyapiga chapa kama alivyoyasema, ila salamu tumezipunguza.)



Katika mkutano uliopita katibu alisema kwamba siku moja yatupasa kuzungumza habari za mazingira. Mzee wetu mmoja aliyeketi kule nyuma akaguna, akasema, "Hayo ni maneno ya watu walioshiba. Tutafutieni mshahara kwanza." Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Lakini usiku ule sikulala vizuri, maana nilikumbuka ovaroli yangu.

Mimi si mwanasheria wala daktari. Nilisoma shule ya misheni nikafika darasa la nane, basi. Kazi yangu ni ya betri. Injini ya dizeli haiwaki bila betri, na betri zake si kama za gari dogo, ni masanduku mazito ya kubebwa na watu wawili. Ndani mna maji ya asidi na sahani za risasi. Sahani zikichakaa hutoa matope ya kijivu, na matope hayo yakikauka huwa unga. Unga huo hushika katika nguo, katika kucha, hata katika masharubu.

Kwa miaka mingi nilirudi nyumbani na ovaroli ile ile mwilini. Watoto walinikimbilia mlangoni, nikawabeba. Mke wangu aliifua katika karai moja na nguo zao. Hapana mtu aliyenilazimisha. Sabuni ilikuwapo na mfereji ulikuwapo. Ni uvivu wangu na ujinga wangu. Nilidhani hatari ya betri ni asidi, kwa sababu asidi inachoma na alama yake unaiona. Risasi haichomi, wala hainuki. Huingia kwa kinywa na kwa pua, ikakaa katika damu na katika mifupa, na kwa mtoto mdogo huharibu ubongo ambao bado unakua. Mama mwenye mimba humpitishia mtoto aliye tumboni naye hana habari. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Sasa, betri ikifa haizikwi. Huuzwa kwa kilo, ikapelekwa kuyeyushwa ili ile risasi ipatikane tena. Kazi hiyo ndiyo iliyoletwa Owino Uhuru, kijiji cha watu maskini upande wa Mikindani, Mombasa. Kiwanda kilianza mwaka 2007, na ukuta wake ulipakana na nyumba za watu. Moshi uliingia vyumbani, na maji machafu yakatiririka kijijini. Wengine katika wanakijiji wenyewe waliajiriwa mle ndani, wakashukuru kwa kupata kazi, kama ambavyo mimi na wewe tungeshukuru. Baadaye watu wakalalamika: watoto wanaugua, mimba zinaharibika, kikohozi hakiishi.

Mwaka 2009 mama mmoja jina lake Phyllis Omido aliajiriwa katika ofisi ya kiwanda hicho. Moja ya kazi zake ilikuwa kushughulikia ripoti ya mazingira, na ripoti ikasema kwamba kiwanda hakifai kukaa karibu na watu. Haikufuatwa. Kisha mtoto wake mchanga akaugua, akatibiwa hivi na hivi asipone, mpaka damu yake ilipopimwa ikaonekana ina risasi. Alikuwa akimnyonyesha. Akaiacha kazi ile, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Mwaka 2012 alikamatwa na polisi. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa, na mwaka 2015 dunia ikampa zawadi kubwa ya Goldman.

Nataka mtazame jambo moja hapa. Mama huyu hakuanza kwa kupenda miti na ndege, ingawa hao nao ni wema. Alikuwa mfanyakazi, mtu wa mshahara wa mwezi kama sisi, na sumu ya kazini ikamfuata nyumbani mpaka katika maziwa yake. Najiuliza: kama pale palikuwa na kamati ya wafanyakazi yenye meno, ingengojewa mpaka mtoto augue?

Kesi ilifunguliwa mwaka 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikasema wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, na kwamba lawama si ya wenye kiwanda peke yao, bali pia ya ofisi za serikali ambazo kazi yake ni kuangalia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikayaondoa malipo yale. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Hesabuni wenyewe. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa na umri wa miaka 17 mahakama zilipomaliza kusema. Na hukumu, kila mtu aliyewahi kudai fidia ya kazini anajua, si fedha mkononi.

Hata hivyo walishinda, na walishinda kwa kitu gani? Kwa maneno machache ya Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, kisemacho kwamba kila mtu ana haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Kila mtu. Hakisemi kila mwenye shamba, wala kila mwenye hati ya nyumba. Watu wa Owino Uhuru wangeweza kuambiwa ninyi ni maskwota, hameni moshi ukiwachosha. Kifungu kile kiliwapa mahali pa kusimama. Na kifungu cha 70 kimeongeza jambo ambalo watu wengi hawalijui: ukienda mahakamani kudai haki hiyo, hulazimiki kuonyesha kwamba mtu amekwisha kuumia. Si lazima ungoje maiti ndipo ulete mashtaka. Mimi niliposoma hayo nilirudia mara mbili, maana katika mambo yetu ya kazi tumezoea kwamba mkono ukatike kwanza ndipo mashine iwekewe kinga.

Najua mtu ataniambia, "Ndugu, kiwanda kikifungwa, kazi nayo imekwisha." Hilo si neno dogo. Wale waliofanya kazi Owino Uhuru walipoteza mshahara mwaka 2014, na mshahara hauliwi kwa maneno ya katiba. Lakini gharama ya kuzuia moshi ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Tajiri asipoilipa haipotei, huwatwika wengine: mama aliye ng'ambo ya ukuta, mtoto asiyeelewa masomo shuleni, na kibarua mwenyewe ambaye robo ya ujira wake humalizikia hospitali. Kuyeyusha betri ni kazi ya maana, tena inaweza kufanywa kwa adabu: mbali na nyumba, moshi uchujwe, maji yasimwagwe, nguo zifuliwe kazini, damu za watu zipimwe. Mnakumbuka petroli yenye risasi? Nchi yetu iliiacha mwaka 2006. Magari yakaendelea kwenda, na mafundi wakaendelea kula.

Nimesikia pia swali la kwa nini tuseme haki hii iwe ya dunia nzima, si ya Kenya tu. Ni kwa sababu ya ukuta ule ule. Pale Owino Uhuru sumu iliwekwa mahali ambapo watu hawakuwa na nguvu ya kukataa. Mataifa nayo hufanya hivyo. Nchi moja ikitunga sheria kali na jirani yake hana, sumu hupakiwa melini au katika lori ikahamia kwa jirani. Haki ya nchi moja hufukuza moshi tu, hauzimiki.

Lile Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 halikutaja mazingira hata kidogo. Mwaka 1972 mataifa yalikutana Stockholm, na mwaka huo huo likaundwa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake ni hapa kwetu Nairobi. Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, ulitangulia kuliandika katika kifungu cha 24. Waafrika hatukungoja kufundishwa. Tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likatamka kwamba mazingira safi na yenye afya ni haki ya kila binadamu. Nchi 161 zilikubali, 8 zikanyamaza, jirani yetu Ethiopia ikiwa mojawapo, na hakuna iliyopinga. Azimio la namna hiyo halimfungi mtu kama sheria. Lakini sisi wa chama twajua kazi ya azimio: ni karatasi ya kumwekea mkubwa mezani.

Kwetu sisi kubwa zaidi lilitoka mwezi mmoja kabla, Juni 2022, huko Geneva. Mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliweka mazingira salama na yenye afya ya kazi kuwa haki ya msingi, daraja moja na haki ya kuunda chama na kukataza kazi ya watoto. Kwa hiyo, mzee wetu, haya hayako tena upande wa pili wa mshahara.

Sasa nasema kwa tawi letu. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama na afya kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na wafanyakazi wawemo. Naomba viti vyetu vikaliwe na watu wenye kuhudhuria, si majina. Naomba tudai ovaroli za watu wa betri na wa rangi zifuliwe kazini, na pawe na mahali pa kuoga kabla ya kutoka. Naomba damu zetu zipimwe risasi kila mwaka, mwajiri alipe, na majibu apewe mwenye damu mkononi, yasikae katika faili. Mimi mwenyewe sijapimwa. Naogopa kidogo, nasema kweli, na kwa ajili ya watoto naogopa zaidi.

Pendekezo nimeliandika, na katibu analo. Linahitaji mtu wa pili wa kuliunga mkono, na macho yangu yako kule nyuma alikoketi mzee.