Ukaidi wa Paulina

Msikilizaji, tukitaja msichana mkaidi katika riwaya, wengi humtafuta anayepayuka mbele ya wazee. Mimi namtaja Paulina wa Coming to Birth, riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye iliyotoka mwaka 1986 na kutunukiwa Tuzo ya Sinclair.

Paulina anashuka garimoshi hapa Nairobi mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari. Ana miaka 16 na tayari ni mke wa mtu. Mimba inaharibika. Akitoka hospitali anapotea njia katika mji asioujua, na anapofika nyumbani hatimaye, mumewe Martin anampokea kwa kipigo. Mke asiye na mtoto, tena mgeni wa jiji, alitarajiwa ainame na anyamaze.

Haiishii hapo. Anashika sindano, anajifunza kufuma. Anaenda Kisumu kusomea kazi, anaanza kupokea mshahara wake mwenyewe. Kwangu mimi huo ni uasi mzito kuliko kelele zozote, maana mwanamke mwenye mshahara anaweza kuchagua alale wapi. Gharama yake ni kubwa: mtoto anayempata baadaye anauawa kwa risasi Kisumu mwaka 1969. Anarudi Nairobi, anafanya kazi ya nyumbani, anaanza kuhoji siasa za wakubwa. Martin anapomrudia baada ya kutengana kwao, anamkuta mtu mzima mwenye msimamo.

Macgoye, mzaliwa wa Southampton aliyekuja Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu, aliwajua wanawake kama Paulina kwa karibu. Wasichana wetu wa kidato cha nne wamsome Paulina, na wavulana pia.