Kanda za Wazee Zisitupwe

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumzie kaseti. Naam, zile kaseti zilizoshika vumbi juu ya makabati katika nyumba nyingi za Kilole, mjini Korogwe, na kwingineko nchini.

Humo mna ngoma za harusi za miaka ya 1980. Mna mawaidha. Mna sauti ya bibi akisimulia hadithi kwa Kizigua, na bibi mwenyewe hayupo tena. Redio kaseti nayo imekufa. Basi kijana wa nyumbani anazichukua hadi kwa fundi ili zihamishiwe kwenye flashi. Ni jambo jema, lakini hapo ndipo penye hatari.

Fundi mwenye haraka hurekodi moja kwa moja katika MP3, tena iliyobanwa sana, eti zisijaze nafasi. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Ikibanwa kidogo, hutaona tofauti. Ikibanwa kupita kiasi, bibi husikika kama anayezungumza ndani ya mtungi, na ngoma hupoteza mlio wake.

Wapo wanaosema si neno, tutazigeuza baadaye ziwe WAV, yaani faili lisilobanwa. Wanajidanganya. Watu wa Korogwe wanaujua mkonge. Jani likishapita mashineni, unabaki na nyuzi. Hakuna fundi awezaye kuzirudisha zikawa jani. Vivyo hivyo, MP3 ukiigeuza kuwa WAV faili litanenepa, lakini kilichotupwa hakirudi. Na ukiigeuza kuwa aina nyingine iliyobanwa, unapunguza tena.

Hoja ya nafasi nayo haina mashiko siku hizi. Chama cha kimataifa cha wahifadhi sauti, IASA, kinashauri kiwango kisichopungua kilohezi 48 na biti 24. Kwa kiwango hicho, kaseti ya dakika 60 huchukua gigabaiti 1 hivi. Flashi ya gigabaiti 32 itabeba zaidi ya kanda 25. Sasa tunabana ili iweje?

Sisi watu wa redio tuna mfano wa nyumbani. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kama NUTA Jazz na Morogoro Jazz kwenye kanda za rili. Rili ikitunzwa, wimbo ule unaweza kuhamishwa upya kila vyombo vinapokuwa bora zaidi. Ikitupwa, tutabaki na nakala ya nakala.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukifika kwa fundi mwambie mambo matatu. Kwanza, arekodi katika WAV. Akitaka kupunguza ukubwa atumie FLAC, inayobana bila kutupa kitu. Pili, MP3 ya kusikiliza kwenye simu itolewe kutoka katika faili hilo kubwa, nalo lihifadhiwe mahali pawili. Tatu, kaseti yenyewe irudi nyumbani.

Kazi hiyo haina njia ya mkato: kaseti ya saa moja huhitaji saa moja kuchezwa. Mlipe fundi saa yake. Sauti ya bibi ni moja tu, na utepe wa kaseti unazidi kuchakaa kila mwaka.

Hadi juma lijalo, kwaherini.